Naomba ushauri: kwenda kuangalia mieleka ana kwa ana Mukono, Uganda

Mkazi wa Igoma aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mkazi wa Igoma hapa Mwanza, na mieleka ya Marekani nimeifuatilia tangu enzi za kubanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza, mwanamieleka Undertaker akiingia na ukumbi mzima ukinyamaza. Mwanangu wa darasa la sita ameurithi ugonjwa huu, ila yeye anaangalia kwenye simu, na siku hizi WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ameiacha kidogo kwa ajili ya vijana wa Soft Ground Wrestling wa Mukono, wale wanaorushana juu ya udongo uliolainishwa, ndani ya ulingo wa kamba zilizofungwa kwenye nguzo za miti. Ananiomba nimpeleke wakati wa likizo, na kusema kweli na mimi natamani kwenda.

Kinachonisumbua si nauli. Shemeji yangu ananicheka kwamba nitavuka mpaka kwenda kuangalia ugomvi ambao mshindi wake amekwisha kupangwa, na jibu ninalompa haliniridhishi hata mimi mwenyewe. Naomba waliowahi kuhudhuria mieleka ana kwa ana, popote pale, waniambie: ukiwa pale, huku ukijua kwamba matokeo yamepangwa, kuna nini cha kuangalia? Na mgeni wa mambo hayo akae upande gani?

Fundi Nyegezi alijibu:

Ndugu yangu, mimi niliwahi kuhudhuria onyesho la WWE Johannesburg nilipokuwa nafanya kazi huko, kwa sababu kampuni hiyo imefika Afrika Kusini kwa ziara mara kadhaa. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba watangazaji hawasikiki. Tumezoea sauti zao zikitueleza nani ana hasira na nani kwa sababu gani, lakini ukumbini hakuna wa kukueleza lolote. Unabaki na macho yako, na kelele za watu walio karibu nawe. Dakika chache za mwanzo nilijiona kama niliyepotea, kisha nikagundua kwamba wanamieleka wenyewe ndio wanaosimulia, kwa mwendo, kwa mabega, kwa namna mtu anavyochelewa kusimama.

Jambo la pili ni ulingo. Kwenye televisheni unaonekana kama godoro. Ukweli ni kwamba chini kuna fremu ya vyuma, juu yake mbao, juu ya mbao sponji nyembamba, kisha turubai. Mtu wa kilo 120 akiangushwa pale, mlio unaupata kifuani. Mukono hamtausikia mlio huo, kwa kuwa wao wako juu ya ardhi, lakini mtakuwa karibu zaidi na watu wenyewe, jambo ambalo mimi nisingeweza kulipata kwa tiketi niliyoimudu.

Kuhusu kukaa: penye kamera kubwa isiyosogea, wanamieleka hugeuzia nyuso zao upande wake. Mtu akikaa upande wa kamera anaziona nyuso. Akikaa upande wa pili anaonekana kwenye picha, lakini muda mwingi ataangalia migongo. Chagueni mnachokitaka.

Mpenda Kandanda alijibu:

Shemeji yako ana hoja. Nenda CCM Kirumba ukaangalie mpira, mshindi hajulikani mpaka filimbi ya mwisho, na nauli yake ni ya daladala.

Mwalimu wa Kisesa alijibu:

Mpenda Kandanda, hakuna aliyefichwa. Mwaka 1989 kampuni ya WWE, wakati huo ikiitwa WWF, ilikiri yenyewe mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani na si shindano, kwa sababu ilitaka kuondokana na usimamizi na tozo zilizowekewa michezo. Jambo lililotangazwa serikalini si siri ya kumfumbulia mtu. Nami ningependa tutofautishe matokeo na maumivu: mwanamieleka Mick Foley aliporushwa kutoka juu ya kizimba kilichofunika ulingo mwaka 1998 alianguka kweli, na mwenzake Owen Hart alifariki kweli mwaka 1999 kule Kansas City, alipoanguka kutoka darini wakati akiteremshwa kwa kamba kuelekea ulingoni.

Sasa nimjibu mwenye swali. Ninyi mlio Mwanza mna mfano wa karibu kuliko wote. Kila Juni, katika sherehe za Bulabo pale Bujora, Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Wasukuma, hucheza ngoma kwa wakati mmoja, kila upande na mbwembwe zake, wengine na nyoka, wengine na vichekesho, na anayevuta watazamaji wengi ndiye anayehesabiwa mshindi. Mtazamaji anayehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine amepiga kura kwa miguu yake. Hakuna anayesimama pale akauliza kama uhasama wa wale wachezaji ni wa kweli au la. Anauliza nani amemshika.

Katika mieleka kura hiyo hupigwa kwa sauti. Mshindi amepangwa, ni kweli, lakini aliyepanga anasikiliza. Januari 2014, katika onyesho la WWE liitwalo Royal Rumble, lililofanyika Pittsburgh, mashabiki walimtaka mwanamieleka Daniel Bryan awemo miongoni mwa watu 30 wanaoingia mmoja mmoja kugombea nafasi ya kupigania mkanda mkuu. Mtu wa mwisho alipotokea akawa Rey Mysterio, ambaye kwa kawaida watoto na watu wazima humshangilia, naye akazomewa kwa sababu tu hakuwa Bryan. Batista aliyeshinda alizomewa vilevile, ingawa alikuwa ameletwa kama steringi. Zomeazomea hiyo iliendelea mji baada ya mji mpaka wakubwa wakabadilisha mpango, na Aprili mwaka huohuo, kwenye WrestleMania ya 30, onyesho kubwa la mwaka la WWE, mjini New Orleans, Bryan alimshinda Triple H kwanza, kisha Randy Orton na Batista kwa pamoja, akaondoka na mkanda. Mwambie shemeji yako kwamba wewe huendi kusubiri matokeo, unakwenda kuwa miongoni mwa wanaoyapanga. Pale Kirumba, hata mkipiga kelele mpaka koo likauke, bao la kuotea halitakubaliwa. (Ninaupenda mpira pia, nisieleweke vibaya.)

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: msikae kimya. Adui, yaani mwanamieleka anayeigiza mtu mbaya, akiingia, mzomeeni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifuata, na adui asiyezomewa amefanya kazi bure. Tambo zake zijibuni. Ila mkumbushe kijana kwamba kutupa chupa au kuwagusa wanapopita si ushangiliaji.

Abiria wa Mutukula alijibu:

Naongeza la safari tu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ule muda wa kusubiri kivuko haupo tena. Mnavuka kilomita tatu hivi juu ya maji, kisha Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba na Bukoba hadi Mutukula, mpakani na Uganda. Wapo wanaopenda kupanda meli ya usiku hadi Bukoba na kumalizia kwa barabara, na kwa mtoto hiyo huwa ni safari ndani ya safari.

Mpakani mtadaiwa pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, mtoto awe na yake, pamoja na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo mchome angalau siku kumi kabla ya safari, kwa sababu cheti hakihesabiwi kabla ya hapo, na wengi hulikumbuka jambo hilo wakiwa wameshakata tiketi. Mukono iko kilomita 20 hivi mashariki mwa Kampala, kwenye barabara ya Jinja. Msiondoke Mwanza kabla ya kuthibitisha siku ya onyesho kwenye kurasa za Soft Ground Wrestling mtandaoni, kwa kuwa uwanja uko wazi na mvua za upande ule wa ziwa hazina ratiba. Vaeni viatu ambavyo hamtavililia vikiingia tope.

Mkazi wa Igoma aliandika:

Mwalimu, shikamoo, na wengine wote nawashukuru. La Bagika na Bagalu nimelipeleka kwa shemeji, na kwa mara ya kwanza amenyamaza, maana yeye ni Mgalu wa damu.

Limebaki moja. Mama yake kijana anahofia kwamba akishayaona kwa macho yake atarudi kuwarusha wadogo zake kitandani, na tayari juzi alimpiga mwenzake mweleka shuleni mpaka nikaitwa. Je, kumpeleka si kuchochea moto?

Mwalimu wa Kisesa alijibu:

Marahaba. Hofu ya mama yake ni ya haki, na hata WWE imekuwa ikirusha matangazo ya kuwaonya watoto wasiyaige hayo nyumbani. Hata hivyo, kwenye simu mtoto huona vipande vya sekunde chache, na kila kipande kinaishia pale mtu anapogonga chini. Mbele ya ulingo ataona pia yale yanayotangulia na yanayofuata, nawe uwe karibu wa kumwonyesha.

Mwambie amfuate kwa macho anayeangushwa, si anayeangusha. Ataona kwamba kidevu kimebanwa kifuani ili kisogo kisigonge, kwamba mikono imefunguka na inapiga chini kwa kiganja na kigasha, na kwamba uzito unapokelewa na sehemu ya juu ya mgongo, si shingo wala kiuno. Kisha amwangalie anayebeba: mkono wake unaonekana umekaba, kumbe umeshikilia, na anayebebwa mara nyingi ameruka mwenyewe ili kumsaidia mwenzake. Ni kazi ya watu wawili waliokubaliana na kufanya mazoezi muda mrefu. Yule mwenzake wa shuleni hakukubaliana na mtu, na hilo kijana atalielewa haraka kuliko kiboko.

Mkirudi, tuandikieni mlikaa upande gani.