Siku tatu za kuwafunza wataalamu wa afya ya akili kuhudumia manusura wa ukatili wa majumbani: zigawanywe vipi?

Mratibu_Mafunzo:

Habari za humu wakuu. Naratibu mafunzo ya watumishi 14: wanasihi, wanasaikolojia na wauguzi wa magonjwa ya akili. Tuna siku tatu za kuwaandaa kuwahudumia watu wanaofanyiwa ukatili na wenza wao. Kutibu sonona na wasiwasi wanajua. Shida ni kwamba ukipitia mafaili, swali la ukatili haliulizwi. Unakuta "hapati usingizi, ana msongo wa mawazo", vikao vinaendelea miezi, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu hali ya nyumbani.

Naomba msaada katika mambo matatu. Siku hizo nizigawe vipi? Tiba ya kiwewe tuifundishe humo humo au tuiache? Na nitajuaje kuwa mafunzo yamefanya kazi, maana mtihani wa mwisho kila mtu hufaulu?

Mkufunzi_Nasaha:

Mkuu, mafunzo mengi ya aina hii hufia kabla ya siku ya kwanza. Mtaalamu anayekwepa swali la ukatili mara nyingi anaogopa jibu. Akiambiwa "jana alinikaba" na hajui amwelekeze wapi, kesho hatauliza tena, hata umfundishe mwezi mzima.

Kwa hiyo wiki mbili kabla, andaa karatasi moja ya rufaa: nyumba salama, msaada wa kisheria, matibabu ya majeraha na huduma baada ya kubakwa, ulinzi wa watoto. Kila namba ipigwe na ipokelewe wiki hiyo hiyo. Andika saa za kazi na nani hapokelewi, kwa sababu baadhi ya nyumba salama hazichukui watoto wa kiume waliobalehe, au mtu anayetumia dawa za magonjwa ya akili, na hilo ni jambo la kujua kabla mteja hajafunga mizigo. Wahudumu wa huduma hizo waje ukumbini wajulikane kwa sura. Uingereza walipima mpango wa namna hii, matokeo yakatoka 2011: kliniki 24 za madaktari wa kawaida zilipata vipindi viwili vya saa mbili pamoja na mtetezi wa manusura aliyeunganishwa nazo, nyingine 24 hazikupata. Rufaa kwenda kwa watetezi zilikuwa 223 dhidi ya 12. Saa nne tu za darasa, ila njia ya rufaa ilikuwa wazi.

Asubuhi ya siku ya kwanza shughulikieni sura za ukatili, na muda mwingi uende kwenye udhibiti, maana kipigo kila mtu anakijua. Kushika mshahara wake, kukagua simu, kumtenga na ndugu zake. Katika afya ya akili kuna sura moja ambayo lazima isemwe kwa sauti: ugonjwa wenyewe hugeuzwa silaha. Mwenza anaficha dawa, au anampa nyingi alale, au anamwambia "nani atakuamini, wewe si una faili la wendawazimu, watoto watachukuliwa". Na ndiye anayekuja naye kliniki, mpole, anajibu maswali kwa niaba yake. Mapitio ya tafiti ya 2012 yalionyesha kuwa, wakilinganishwa na wanawake wasio na tatizo la akili, uwezekano wa kuwa wamewahi kufanyiwa ukatili na mwenza ulikuwa karibu mara 3 kwa wanawake wenye sonona na mara 7 kwa wenye msongo wa baada ya kiwewe. Waoneshe takwimu hizo mapema, ziwaondolee dhana kwamba jambo hili ni la ustawi wa jamii peke yake.

Mchana huo na siku ya pili nzima ni mazoezi ya mdomo. Weka slaidi pembeni. Igizo dhima la watu watatu: mtaalamu, mteja, mtazamaji mwenye orodha ya kukagua. Dakika 8 za mazungumzo, 5 za mrejesho, kisha wanabadilishana. Kwa watu 14 una vikundi vinne vya watatu na kimoja cha wawili, hicho mkufunzi akamilishe. Wafanye hadi swali litoke bila kigugumizi. Mfano wa kuanzia:

"Watu wengi wenye shida ya usingizi kama yako huwa na jambo linalowaumiza nyumbani, kwa hiyo huwa nauliza kila mtu. Kuna mtu unayemwogopa nyumbani?" Kisha: "Amewahi kukupiga, kukusukuma, kukutishia?" "Amewahi kukulazimisha tendo la ndoa?" "Kuna mahali anakuzuia kwenda, au pesa yako anakuzuia kuitumia?"

Ukimuuliza mtu moja kwa moja "unafanyiwa ukatili?" wengi watasema hapana, kwa sababu wanayopitia hawayaiti hivyo. Na "mbona huondoki?" na "ulimfanya nini?" mtazamaji ayahesabu kama makosa kila yanapotoka, yatatoka tu.

Masharti ya swali: mteja awe peke yake, asiwepo mtoto anayeelewa maneno, mkalimani asiwe ndugu, na mipaka ya usiri itajwe kabla ya swali. Ukimwambia baadaye kuwa sheria inakutaka utoe taarifa kuhusu mtoto, umeshamnasa.

Usitunge mtaala upya. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mtaala wa watoa huduma 2019, umejengwa juu ya hatua tano: kusikiliza, kuuliza mahitaji yake, kumwonyesha kuwa unamwamini, kuimarisha usalama, kumuunganisha na msaada. WHO haipendekezi kumuuliza kila anayeingia hospitali. Inataka swali liulizwe pale dalili zinapoashiria, na sonona, wasiwasi na majaribio ya kujiua ni miongoni mwa dalili hizo. Kwenu ninyi ina maana karibu kila faili.

Jambo moja zaidi. Ndani ya hao 14 huenda wamo manusura. Sema mwanzoni kabisa kuwa mtu anaruhusiwa kutoka bila kueleza, na asilazimishwe yeyote kuigiza mteja.

Daktari_Zamu:

Naongezea siku ya tatu, ambayo iwe ya hatari na usalama.

Mwongozo wa WHO una maswali sita ya haraka. Je, kipigo kimeongezeka au kimekuwa kikali zaidi miezi 6 iliyopita? Amewahi kutumia silaha au kukutishia nayo? Amewahi kukukaba? Unaamini anaweza kukuua? Amewahi kukupiga ukiwa mjamzito? Ana wivu mkali usiokwisha? Ndiyo tatu au zaidi, mteja yuko kwenye hatari kubwa ya sasa hivi, na kikao hakiishi bila kuzungumza atalala wapi leo. Ndiyo chache hazimaanishi salama. Akisema anaogopa kuuawa, mwamini hata kama mengine yote ni hapana.

La kukabwa lifundishwe peke yake, nusu saa nzima. Wateja hawasemi "alininyonga", wanasema "alinishika shingo" kama jambo dogo, kwa hiyo uliza: amewahi kukubana shingo au kukuziba pumzi kwa mkono, kamba au mto? Utafiti wa Marekani wa 2008 ulikuta kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa na mwenza huyo. Alama shingoni mara nyingi hakuna. Ulizia sauti iliyokwaruza, maumivu ya kumeza, kupoteza fahamu, kujikojolea, kuona giza, udhaifu wa upande mmoja. Kama ni tukio la siku za karibuni, aende hospitali siku hiyo hiyo hata akionekana mzima: mishipa ya shingo inaweza kuwa imechanika kwa ndani na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye.

Hapo hapo gusieni jeraha la ubongo. Mtu aliyepigwa kichwani mara kwa mara husahau miadi, hushindwa kufuatilia mazungumzo, huumwa kichwa. Mtaalamu asiyejua ataandika "hana ushirikiano". Fupisha vikao, rudia mambo, na mpe wazo moja kwa kikao.

Mpango wa usalama wafanye kwa vitendo, kila mmoja amtengenezee mwenzake. Uwe na vitu vinavyoshikika: ugomvi ukianza anahamia chumba gani chenye mlango wa pili na kisicho na visu, neno gani akimtumia jirani, huyo jirani anajua aite msaada, nakala za vyeti na vitambulisho ziko kwa nani, dawa zake za wiki moja ziko wapi nje ya nyumba, simu yake inaonyesha alipo au kipengele hicho kimezimwa, apigiwe kwa namba gani, saa ngapi, na mkipokelewa na mwenza mtasema ninyi ni nani. Asiondoke na karatasi ya mpango kama begi lake hukaguliwa, aukariri. Kosa linaloua ni kumsukuma aondoke leo. Kipindi cha kutengana ni cha hatari zaidi, kinahitaji maandalizi, na uamuzi ni wake.

Tiba ya kiwewe: iache. WHO inapendekeza tiba ya fikra na tabia au EMDR (tiba ya kuchakata kumbukumbu za kiwewe huku mteja akisogeza macho), kwa mtoa tiba aliyefunzwa, kwa wanawake wenye msongo wa baada ya kiwewe ambao *hawafanyiwi tena* ukatili. Mtu anayelala nyumba moja na mnyanyasaji ana sababu ya kushtuka usiku. Usikimbilie kuuzima mshtuko huo. Katika siku tatu fundisha kutulia, usingizi na kutatua tatizo moja moja, na kuulizia mawazo ya kujiua kila kikao. EMDR ya saa mbili ukumbini inazalisha watu wanaofukua kidonda wasichoweza kukifunga.

Mratibu_Mafunzo:

Nashukuru sana wakuu. Swali la nyongeza: wanaokuja wawili wakiomba ushauri wa ndoa tuwafanyeje? Kwetu ni wengi.

Msimamizi_Kesi:

Fanyeni utaratibu kwa wanandoa *wote*: kikao cha kwanza pamoja, cha pili kila mmoja peke yake, ndipo muamue. Ikiwa ni utaratibu wa wote, hakuna atakayeulizwa nyumbani "ulimwambia nini huyo?" Mkigundua udhibiti au hofu, ushauri wa pamoja usiendelee. Ukweli atakaousema mbele yako ataulipia wakifika nyumbani, na "kila mmoja ana mchango wake" linampa mnyanyasaji hoja mpya. Namna ya kusitisha ifanyiwe mazoezi: "Kwa ninavyoona, kwa sasa kila mmoja ahudumiwe kivyake." Usitaje alichosema yeyote. Na usimpeleke mume kwenye darasa la hasira ukadhani umetibu udhibiti: mtu asiyempiga bosi wake anaweza kujizuia.

Kumbukumbu pia zitengewe saa moja, maana faili linaweza kufika mahakamani. Maneno ya mteja yaandikwe kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, na nani alifanya. "Anadai" lifutwe, andika "anasema". Jeraha: mahali, ukubwa kwa sentimita, rangi. Msimbandike ugonjwa wa haiba (yaani kwamba shida ni tabia yake yenyewe ya kudumu) mtu aliyeonwa mara moja akiwa katikati ya hatari. Kwenye kesi ya malezi ya watoto lebo hiyo itasomwa dhidi yake. Hakikisheni mwenza hawezi kuomba faili, na ujumbe wa kukumbusha miadi usitaje huduma.

Kuhusu kupima, mtihani weka kando. Mapitio ya tafiti ya 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikuta mafunzo huenda yanaboresha mitazamo na maarifa ya watoa huduma, lakini ushahidi kwamba yanabadilisha wanachofanya ni dhaifu. Chukua mafaili 30 ya miezi mitatu iliyopita, bila kuchagua, uhesabu: swali liliulizwa? Akiwa peke yake? Hatari ilitathminiwa? Kuna mpango wa usalama? Rufaa *ilifika* au iliandikwa tu? Rudia miezi 3 na miezi 6 baada ya mafunzo kwa fomu ile ile. Ukiona swali linaulizwa kwa wote na majibu yote ni "hapana", kaa na mhusika umsikie anavyouliza. Mara nyingi anatikisa kichwa huku akiuliza, au anasema "hakuna ukatili wowote nyumbani, si ndiyo?"

Usimamizi wa kesi uwe kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, saa moja, watu watano hadi saba, na dakika 15 za kila kikao ziwe igizo la kesi iliyowakwamisha wiki hiyo. Ukilazimika kupunguza kitu kwa sababu ya bajeti, punguza siku moja ya ukumbi, usiguse hivi vikao.