Ukuta wa mimea hai na skrini isiyo na madoido: vikae pamoja au vitenganishwe?

Swali
Habari zenu, wadau. Ninasanifu ukumbi wa mapokezi ambao ukuta wake mmoja, wenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, utafunikwa kwa mimea hai. Mwenye jengo anataka wageni wapate maelekezo kwenye skrini moja yenye maandishi machache, rangi mbili tu na nafasi kubwa iliyoachwa wazi. Katika rasimu yangu nimeipachika skrini hiyo katikati ya majani. Kwenye mchoro inapendeza mno, ila nahofia kwamba kimoja kitakiharibu kingine. Mnashauri nini?

Jibu la kwanza
Hofu yako ina msingi, nami ningeanza na maji kabla ya sura. Katika mfumo uliovuma kupitia kazi za Patrick Blanc, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, mimea haioti kwenye udongo bali katika tabaka za kitambaa kinene kilichobanwa juu ya ubao wa plastiki, huku maji yenye virutubisho yakidondoka kutoka bomba la juu na kuteremka hadi kwenye mfereji ulio chini. Ukipachika skrini katikati, utaikatia maji mimea yote iliyo chini yake, isipokuwa uongeze bomba jingine la matone, na kifaa cha umeme kitakaa kwenye unyevu usiku na mchana. Iweke pembeni, kwenye ukuta mkavu.

Jibu la pili
Naunga mkono, ingawa kwangu mimi kazi ngumu zaidi iko kwenye mwanga. Mimea ya ndani huhitaji taa zenye nguvu, na taa hizo zikielekezwa vibaya huakisiwa kwenye kioo mpaka maandishi yakafifia. Epuka zile za zambarau, kwa sababu majani huonekana meusi chini yake. Taa nyeupe zinatosha. Ikiwa maelekezo hayabadiliki kila mara, tumia skrini ya wino wa kielektroniki, ambayo husomeka vizuri penye mwanga mwingi na hutumia umeme karibu pale tu maandishi yanapobadilishwa.

Mwuliza swali
Nashukuru, nitaihamisha. Hata hivyo, mwenye jengo anasisitiza kwamba nyuma ya maandishi iwepo picha ya majani.

Jibu la tatu
Mkatalie kwa upole. Miongozo ya ufikivu ya WCAG, yaani ile ya kimataifa ya kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, hutaka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake usipungue 4.5 kwa 1, na juu ya picha ya majani uwiano huo hubadilika kutoka herufi moja hadi nyingine. Isitoshe, majani halisi yapo hatua mbili tu kutoka hapo, kwa hiyo picha yake ni ya nini? Mpe usuli wa rangi moja tulivu. Kisha acha pengo la kutosha kati ya skrini na mimea, maana mchoro haukui, lakini mimea itatambaa, na fundi wa kupogoa atahitaji mahali pa kusimamisha ngazi.