Wenye baa Mwanza, acheni kuchota barafu kwa glasi! Mtakuja kuua mtu

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Jumamosi tulitoka kumpongeza mdogo wangu wa kike kwa kumaliza chuo. Tukaenda baa moja huku kando ya ziwa, jina nalihifadhi. Wenzangu wakaagiza mojito, mimi margarita, vyote vinywaji vya pombe ya kuchanganya. Nilikaa kaunta kabisa, kwa hiyo ninachosema nimekiona kwa macho yangu.

Kijana wa kaunta kachukua glasi, kaitumbukiza kwenye ndoo ya barafu kama anachota maji mtungini. Ya kwanza ikapona. Ya pili ikagonga, mdomo ukamomonyoka. Akaokota vipande viwili vitatu kwa vidole, akatupa, akaendelea kuchota ndoo ileile!

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hiyo barafu imwage yote." Akanijibu, "Bosi usiwe na wasiwasi, nimeshavitoa."

Umevitoa kwa macho gani? Chembe ya kioo ndani ya barafu huioni hata ukimulika tochi. Barafu ikishayeyuka, kioo kinabaki chini, na mojito watu wanainywa kwa mrija, mrija wenyewe unafika chini kabisa. Niambieni hicho kioo kinaishia wapi kama si kooni.

Kabla sijaingia kwenye biashara ya dagaa nilifanya kazi kaunta ya hoteli miaka minne. Tulifundishwa hivi: glasi ikivunjika karibu na barafu, barafu yote imekufa. Unaimwagia sharubati nyekundu ili mwenzako asije akachota bila kujua, halafu unaiyeyusha kwa maji ya moto, unafuta ndoo, unaisuuza, ndipo unaweka barafu mpya. Hakuna cha "nimeshavitoa". Na glasi haiingii kwenye barafu hata siku moja. Kuna kijiko chake cha bati au cha plastiki, kuna koleo.

Mengine nayataja tu. Margarita yangu ililetwa kwenye glasi ya bia ya nusu lita, wakati glasi ya margarita ina mguu ili uishike hapo, kiganja kisipashe kinywaji moto. Na ilinuka sato! Maana yake imefutwa kwa kitambaa cha jikoni. Dada wa kuhudumia kaleta glasi tupu nne kwa mkono mmoja, vidole vyote ndani, pale pale midomo yetu inapogusa. Nyingine zimetoka kwenye maji ya moto zikajazwa barafu hapo hapo, na kioo cha moto kikikutana na baridi ya ghafla kinapasuka. Halafu mnashangaa kila wiki mnanunua glasi.

Meneja alipokuja akasema, "Poleni, kijana bado mgeni." Kama ni mgeni, nani kamweka kaunta Jumamosi usiku peke yake? Bili ikaja kamili, pamoja na vinywaji tulivyokataa kuvigusa.

Ila mdogo wangu alikuwa ameshakunywa nusu kabla sijamnyang'anya. Usiku ule sikulala, kila akikohoa naamka kumwangalia. Namshukuru Mungu mpaka leo yuko salama.

Wenye baa mliomo humu, kuanzia Kirumba mpaka Nyegezi, nijibuni: kijiko cha barafu kinawashinda nini kununua?