Ruzuku sawa kwa kila mtoto: ni haki kwa shule za Longido na Ngorongoro?

Wakuu, kila matokeo ya darasa la saba yakitoka, hapa Arusha mjini huwa nasikia kauli ileile: shule za umaseini zikifanya vibaya, wa kulaumiwa ni wazazi, hawapendi shule. Naipinga kabisa. Kabla ya kumnyooshea mfugaji kidole, tuhesabu pesa kwanza.

Tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku ya shule ya msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Serikali inabaki na 4,000 za vitabu, shule inapata 6,000. Ukisikia hivyo unaona haki imetendeka. Sasa chukua shule ya watoto 200 kule Gelai, wilayani Longido: inapata 1,200,000 kwa mwaka, yaani laki moja kwa mwezi. Shule ya mjini yenye watoto 1,500 inapata 750,000 kwa mwezi. Lakini zote zinatakiwa kuwa na chaki, kuchapa mitihani, kukarabati choo, na mwalimu mkuu kwenda wilayani kwenye vikao. Wa mjini anapanda daladala. Wa Gelai anakodi bodaboda, na hapo sehemu kubwa ya ile laki imeshaondoka.

Tena mjini ruzuku ikipungua, wazazi wanachanga: chakula cha mchana, mlinzi, hata mwalimu wa kujitolea. Ukame wa 2021 na 2022 uliua ng'ombe wengi Longido na Monduli. Mzazi aliyehama na mifugo michache iliyobaki, mchango utamdai wapi?

Ndugu zetu wa Moshi nao hupenda kusema wao walijituma tu. Walijituma, sikatai. Lakini shule za misheni zilifika Kilema na Machame tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kahawa iliyouzwa kupitia KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, kuanzia 1933 ilisomesha watoto wengi. Huo ni mtaji wa vizazi. Mtoto wa Loliondo, kule Ngorongoro, anaingia darasa la kwanza akijua Kimaa tu, anafundishwa kwa Kiswahili, na mara nyingi mwalimu wake hajui neno hata moja la Kimaa.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naiheshimu. Kata zinazokua haraka kama Muriet, hapa Arusha mjini, zina mrundikano mkubwa wa wanafunzi, wakati kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ni kweli, na inauma. Ila dawa yake ni TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, kuleta walimu na kujenga madarasa. Kumnyima mtoto wa Gelai hakumpunguzii wa Muriet msongamano.

Pendekezo langu: kila shule, hata iwe ndogo namna gani, ipewe kwanza kiasi maalumu cha kuiendesha, kisha ndipo tugawe kwa idadi ya watoto. Na nyumba za walimu zianzie kule ambako hakuna hata chumba cha kupanga, maana mwalimu akikosa pa kulala, barua ya uhamisho haichelewi.

Walimu mlioko pembezoni, hiyo laki mnaigawaje? Na mnaosema ruzuku ibaki kwa idadi ya vichwa tu, nionesheni shule ya watoto 200 itakavyojiendesha kwa hesabu hiyo.