Kamera ndani ya gari la mbio: kinyonyo kinaachia, nifunge vipi?

Nyanza_GC8
Wakuu, habari zenu. Tunatayarisha Subaru Impreza hapa Kisumu kwa autokrosi na mbio za vumbi upande wa Nakuru. Gari lina roli-keji kamili (fremu ya mabomba ya chuma inayowalinda waliomo gari likibingirika): nguzo kuu ni bomba la 45 mm, na lile lililokingama nyuma ya viti ni 38 mm. Kamera ni ndogo, ya michezo, gramu 150 hivi. Kinyonyo (kikombe cha mpira kinachong'ang'ania kioo kwa ombwe) cha sentimita 8 kwenye kioo cha mbele kinaachia gari likishaingia kwenye matuta. Nataka usukani, mikono na barabara vionekane, bila kumhatarisha mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva kumsomea njia. Niifunge wapi, kwa kifaa gani, na umeme niutoe wapi? Pia kuna wanaosema kinyonyo hushindwa kwa sababu ya mwinuko wa Nakuru. Ni kweli?

fundi_keji
Mkuu, kinyonyo kiondoe. Kwenye udongo hakifai kabisa, hata uweke vitatu.

Anza na hesabu. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hutaka mabano ya kizimamoto yahimili mshtuko wa mara 25 ya uzito, na mimi naipa kamera kipimo hicho hicho, maana ikichomoka inaruka kuelekea vichwa vile vile. Kamera, fremu na klampu kwa pamoja hufika gramu 400. Mara 25 ni kilo 10. Ukiweka mkono wa sentimita 20, hizo kilo 10 zinakipinda kiungo kwa takriban 20 Nm (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kupinda), na viungo vingi vya plastiki huteleza au kukatika kabla ya hapo. Mkono wa sentimita 6 unakuachia 6 Nm tu. Mkono mfupi unalinda watu na vilevile unatuliza picha.

Ifunge kwenye lile bomba la 38 mm, katikati, ikitazama mbele kati ya viti viwili. Isiwe pale mikanda ya mbio ilipozungushwa, kwa sababu klampu itausukuma mkanda au kuukwaruza. Isiwe mahali helmeti inaweza kufika pia. Kwenye ajali mikanda hunyooka na kichwa husogea mbali kuliko unavyokadiria ukiwa gereji. Kaeni wote wawili na helmeti, mjifunge, mjipinde kila upande kwa nguvu, halafu wekeni kamera mbali zaidi ya hapo. Nguzo iliyo kando ya kioo cha mbele usiifikirie: iko karibu na helmeti na inabana njia ya kutokea mlangoni. Sponji ngumu ya keji isikatwe ili kupisha klampu. Na keji yenyewe usiitoboe wala kuichomelea kitu. Ukifanya hivyo cheti chake hakina maana tena.

Klampu iwe ya alumini, vipande viwili, iliyochongwa kwa 38 mm hasa, yenye bolti mbili za M6 (kipenyo cha milimita 6). Zile za plastiki za usukani wa baiskeli, zinazokazwa kwa vidole, ziache kwa baiskeli. Chini ya klampu weka tabaka moja la mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukiweka matatu klampu inakuwa springi, na kila jiwe litaonekana kwenye video. Ukishakaza, angalia kati ya nusu mbili: lazima ibaki nafasi ya milimita moja au mbili. Zikigusana, bolti zinabana alumini dhidi ya alumini na bomba halijashikwa.

Gundi ya nyuzi za bolti, Loctite 243 ya bluu, ni ya chuma kwa chuma pekee. Ikigusa plastiki ya polikaboneti inaipasua taratibu, na ufa utauona siku ya mbio. Ndiyo maana kamera iingie kwenye fremu ya chuma, isitegemee tundu la skrubu la kwenye ganda lake. Mwisho piga mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye klampu. Bolti ikilegea mstari unakatika, na unaiona kwa jicho bila spana.

Kamba ya usalama ni lazima. Waya wa breki ya baiskeli wa 1.5 mm unatosha na unapatikana kila mtaa. Upitishe kwenye fremu ya kamera na uuzungushe kwenye bomba lenyewe, si kwenye klampu, kwa kuwa klampu ndiyo unayoihofia. Funga kila kitanzi kwa feruli (vipete vya chuma) mbili zilizobanwa kwa koleo lake, usifunge fundo. Ulegevu usizidi sentimita 5: waya mrefu hauzuii kitu, unaigeuza kamera kuwa nyundo.

Kisha ijaribu. Chukua mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki, ishike kwenye fremu, uvute kilo 15 kuelekea mbele, kando, kisha juu. Ikisogea hata kidogo, fungua uanze upya.

Mwinuko1850
Kuhusu mwinuko: una athari, lakini si mchawi wako. Kisumu iko karibu mita 1,130, Nakuru karibu 1,850. Shinikizo la hewa hushuka kutoka takriban kPa 88 hadi 81. Kinyonyo cha sentimita 8, hata kingekuwa na ombwe kamili, kinatoka kwenye nguvu ya newtoni 440 hivi hadi 410. Hiyo si sababu ya kamera kuanguka.

Kinachoangusha ni ukingo. Vumbi laini kama lile la Soysambu na Elmenteita huingia chini ya mpira hata kioo kikiwa kimefutwa. Jua la mchana hulainisha mpira, na mtetemo huufungua ukingo upande mmoja. Hewa ikipata njia tu, nguvu yote inaisha papo hapo. Kwa hiyo kuongeza ukubwa wa kinyonyo hakukuokoi.

Jambo jingine: zima kituliza-picha cha kielektroniki. Kamera iliyofungwa kwenye gari inatikisika pamoja na dashibodi. Programu hujaribu kutuliza kitu kisichohitaji kutulizwa, ndipo unaona dashibodi ikiogelea.

Vitz_Milimani
Na sisi wa magari ya kawaida yasiyo na keji? Ni autokrosi tu, dereva peke yake.

fundi_keji
Tumia nguzo mbili za kichwa cha kiti cha abiria, na kifungio kinachoshika nguzo zote mbili. Ukishika moja, kamera itazunguka. Pima kipenyo kabla ya kununua, nyingi ni kati ya 10 na 14 mm. Hakikisha kichwa cha kiti kimeingia kwenye mkato wake wa kufungia, kwa kuwa chenyewe kinaweza kuchomoka na kamera yako. Waya wa usalama uende kwenye fremu ya kiti chini, si kwenye nguzo hizo. Abiria asiwepo kabisa.

Dashibodi na nguzo za pembeni ziache, mifuko ya hewa hutokea huko. Wala usifungue bolti ya mkanda wa kiti ili upate mahali pa bano. Uzi wake kwa kawaida ni 7/16 UNF, yaani wa inchi, si metriki, na fundi akilazimisha bolti ya M12 anaharibu kitu kinachokushikilia maisha.

waya_na_fyuzi
Umeme: chukua kigeuzi cha 12 V kwenda 5 V, cha 2 A, kinachopokea hadi 24 V, maana altaneta hutoa zaidi ya 14 V na kuna miruko. Upande wa 12 V kinavuta 1 A hivi, kwa hiyo weka fyuzi ya 2 A karibu na chanzo. Uunganishe baada ya swichi kuu ya kukata umeme, kamwe usiende betrini moja kwa moja: mwokoaji akiizima, waya wako nao ufe.

Plagi ya USB hulegezwa na mtetemo. Acha kitanzi kidogo cha kebo na ukifunge kwenye fremu sentimita 4 kutoka kwenye tundu, halafu funga kebo kwenye bomba kila sentimita 15, mbali na reli za viti. Kifuniko cha tundu kikiwa wazi vumbi linaingia, kwa hiyo ziba pengo kwa sponji na utepe.

Kadi ya kumbukumbu iwe ya V30, yaani inayoandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Kwa kasi ya megabiti 60 kwa sekunde unatumia GB 27 kwa saa, hivyo GB 64 inakupa zaidi ya saa mbili. Na gari lipelekwe kwa wakaguzi kamera ikiwa tayari imefungwa, kama itakavyokaa mbioni. Ukiifunga baada ya ukaguzi, wana haki ya kukuambia uing'oe.