Kugeuza mafaili ya maandishi matupu kuwa kurasa za wavuti

Mwalimu, Tukuyu:
Ndugu zangu, nina mafaili zaidi ya 80 ya hadithi za Kinyakyusa, niliyoyaandika kwa Notepad. Nikibadilisha tu mwisho wa jina kutoka .txt kuwa .html, kivinjari huonyesha hadithi nzima kama aya moja iliyoshikamana. Nifanyeje bila kuyaandika upya?

Mkazi wa Iringa:
Shikamoo Mwalimu. Kwa kivinjari, mistari mipya, hata ikifuatana kumi, ni sawa na nafasi moja tu, mpaka kila aya ifunguliwe kwa `<p>` na kufungwa kwa `</p>`. Unaweza kuyazungushia maandishi yote `<pre>` na `</pre>`, ili yaonekane kama ulivyoyapanga, lakini mistari mirefu itatoka nje ya skrini ya simu, na wasomaji wako wengi bila shaka hutumia simu. Mimi ningetumia Pandoc, programu ya bure iliyoanzishwa na John MacFarlane, ambayo huuchukua mstari mtupu kama mpaka wa aya. Amri ya kuandika kwenye dirisha la amri la kompyuta ni hii:

`pandoc -s hadithi.txt -o hadithi.html`

Ikitoa onyo kuhusu kichwa, usishtuke, ukurasa utatengenezwa.

Fundi, Mbeya mjini:
Kabla ya hayo, Mwalimu, hakikisha kila faili limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha nyingi. Kama ulitumia irabu ɨ na ʉ kisha ukahifadhi kwa ANSI, mfumo wa zamani usio na herufi hizo, basi zimekwisha kupotea, na hakuna programu itakayozirudisha.

Mwalimu, Tukuyu:
Marahaba. Faili la kwanza limekubali. Mawili ya zamani, kweli, yamepoteza irabu.