Naomba ushauri: marhamu ya salfa inatoka na chengachenga

Assalaam alaykum wanajamvi. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mimi na shangazi tunatengeneza marhamu ya upele: nta ya nyuki, mafuta ya nazi na unga wa salfa. Vipimo havibadiliki, lakini kila tukipika hutoka tofauti. Mara laini kama samli, mara ina chengachenga, mara salfa yote imezama chini ya kopo.

Nashuku tatizo ni moto na upoaji. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, mafuta ya nazi kwenye 24 tu. Tukimimina mafuta ya baridi juu ya nta ya moto, nta inaganda vipandevipande papo hapo. Tukiacha kukoroga mapema, salfa inatua kabla marhamu haijashika. Na huu msimu wa kaskazi, marhamu inalegea koponi hata ikiwa kivulini.

Shangazi naye ameng'ang'ania tutie marashi ya waridi ndani. Namwambia maji yaliyomo kwenye marashi yataleta ukungu na hayatashikana na mafuta. Hanisikii, eti harufu ndiyo inayouza!

Wafamasia mliomo humu: salfa niisage kwanza na mafuta kidogo, au niitie kavu? Nianze kuitia kwenye joto gani? Sufuria niipoze ndani ya maji huku nakoroga, au niiache ipoe yenyewe? Na aliyewahi kusajili dawa ya kupaka kwa Bodi ya Famasia na Sumu, anieleze walimkagulia nini mahali pa kutengenezea. Jiko letu liko uani, na vumbi la punda halikosi.